Picha za Sayari na Jioni za Usharika

*(Hii ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi aliyoitoa kwenye semina ya kamati za sharika. Tumeifupisha kidogo ili ienee katika kurasa zetu. – Mhariri)*



Katika ratiba mliyonayo mada yetu imeandikwa "Jioni za Picha". Kwa wale ambao usharika wao haujafikiwa, tueleze kwa kifupi. Gari la miradi linapolala kijijini kwa kazi ya maji, afya au mikopo ya akina mama, ofisi yetu huchukua pia projekta, jenereta ndogo na shuka jeupe. Giza likiingia tunalitundika shuka kwenye ukuta wa kanisa au wa shule, kisha tunaonyesha picha za sayari zilizopigwa na vyombo vya angani. Watoto hukaa chini mbele, wazee kwenye mabenchi, vijana husimama nyuma. Onyesho huchukua saa moja. Maswali huchukua muda mrefu zaidi.

Kesho asubuhi ninyi wajumbe mtaamua kama jioni hizi ziingizwe katika mpango wa mwaka ujao au zisimamishwe. Hoja ya kuzisimamisha ina uzito na hatutaki kuificha. Katika usharika mmoja mzee wa kanisa alisimama kabla hatujawasha jenereta, akasema: "Ndugu zetu wa miradi, mpini wa pampu yetu umekatika tangu masika. Akina mama wanakwenda mtoni. Leo mmekuja na petroli ili mtuonyeshe nyota?" Swali hilohilo, kwa maneno ya upole zaidi, limeandikwa katika barua na baadhi ya marafiki wanaochangia kazi zetu.

Tutalijibu. Ila tunaomba kwanza mjue mnapigia kura kitu gani. Kwa hiyo tutaanza na picha zenyewe.

Nani alipiga picha?

Msichana mmoja wa shule ya msingi alituuliza: "Aliyepiga picha hii alirudije nyumbani?" Ni swali zuri, kwa sababu jibu lake huwashangaza hata watu wazima. Hakuna mtu aliyekwenda. Binadamu wamefika Mwezini tu. Kwenye sayari zote nyingine tumetuma vyombo visivyo na watu, na vingi havirudi kamwe. Kinachorudi ni picha tu, nayo hairudi kama picha, bali kama namba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa chombo cha Marekani kilichoitwa Mariner 4. Kilirushwa Novemba 1964, na kati ya tarehe 14 na 15 Julai 1965 kilipita karibu na Mirihi, kwa umbali usiofika kilomita 10,000. Kamera yake iliigawa kila picha katika mistari 200, na kila mstari katika nukta 200. Hizo ni nukta 40,000. Kila nukta ilipewa namba, kati ya 0 na 63, kadiri ya mwanga au giza lake. Namba hizo zilihifadhiwa kwenye utepe, kisha zikatumwa kwa redio kutoka umbali wa zaidi ya kilomita milioni 200. Kasi ya kutuma ilikuwa ndogo mno hata picha moja ikachukua takribani saa 8.

Katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory, au JPL, huko Pasadena, California, wahandisi walikuwa na wasiwasi kama utepe ule unafanya kazi. Hawakuweza kusubiri kompyuta imalize kuiandaa picha. Mhandisi Richard Grumm na wenzake wakanunua chaki za rangi. Namba zilipotoka kwenye mashine zikiwa zimechapwa katika karatasi nyembamba ndefu, walizibandika ukutani karatasi zile moja kando ya nyingine, wakaanza kupaka rangi kila namba kwa mkono, kama mtoto anavyojaza rangi kitabuni. Ndivyo picha ya kwanza ya Mirihi iliyopigwa kwa karibu na kamera ya chombo cha angani ilivyoonekana: watu wazima wenye elimu kubwa wamesimama ukutani na chaki mkononi.

Tunapoeleza habari hii kijijini, walimu huielewa mara moja. Baadhi yao wameijaribu darasani: mwanafunzi mmoja anasoma namba, wa pili anapaka miraba ya daftari la hesabu. Hakuna umeme unaohitajika.

Mariner 4 ilileta picha 21 kamili na sehemu ya nyingine moja. Zilionyesha mashimo mengi ya mviringo kama yale ya Mwezini. Watu waliokuwa wakitumaini kwamba Mirihi ina mimea au mifereji walivunjika moyo, na wengi wakasema sayari ile imekufa na haina la kutuambia. Lakini picha zile zilifunika kama asilimia 1 tu ya uso wa Mirihi. Mwaka 1971 Mariner 9 ilifika na kuizunguka sayari hiyo. Ilikuta dhoruba ya vumbi imeifunika Mirihi yote, ikangoja. Vumbi lilipotulia ikaonekana milima ya volkano, na mmoja wao, Olympus Mons, una urefu wa kama kilomita 22, karibu mara nne ya Kilimanjaro. Likaonekana pia bonde lenye urefu wa kilomita 4,000, na njia zilizokauka ambazo zamani zilipitisha maji.

Sisi tunaofanya kazi ya miradi tunalo la kujifunza hapo. Mara ngapi mgeni amepita kijijini saa moja, akaona asilimia moja, akaandika ripoti ya kijiji kizima?

Je, rangi hizi ni za kweli?

Hili ndilo swali la vijana wanaosimama nyuma. Wanajua kompyuta zinavyoweza kutengeneza picha, na wana haki ya kushuku. Huwa tunawajibu kwa kisa cha mwaka 1976.

Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Viking 1 kilitua Mirihi salama. Siku iliyofuata picha ya kwanza ya rangi ikatolewa kwa waandishi wa habari, nayo ilionyesha anga la buluu kama la kwetu. Watu walifurahi sana. Kumbe rangi hazikuwa zimepimwa sawasawa. Chombo kilikuwa kimebeba kibao chenye rangi zinazojulikana, na wataalamu walipolinganisha picha na kibao kile, waliona kwamba anga la Mirihi lina rangi ya waridi iliyochanganyika na njano. Sababu ni vumbi laini lenye kutu ya chuma linaloelea angani. Iliposemwa hivyo, baadhi ya waandishi walizomea, kwa maana walikuwa wamependa ile ya buluu. Hata hivyo sahihisho likatolewa mbele ya watu wote.

Kwa hiyo vijana wakituuliza, tunawapa majibu ya aina tatu. Ziko picha ambazo rangi zake zinakaribia kile ambacho jicho lingeona. Ziko nyingine ambazo rangi zimekuzwa makusudi ili tofauti za udongo au mawingu zionekane. Na ziko ambazo si za mwanga kabisa. Zuhura, ile tunayoiona iking'aa alfajiri au jioni, imefunikwa na mawingu mazito, kwa hiyo kati ya mwaka 1990 na 1994 chombo cha Magellan kiliichora kwa rada, na rangi ya machungwa tunayoiona katika picha hizo iliongezwa baadaye. Rangi ile haikubuniwa tu. Ilifuatishwa kutoka picha za vyombo vya Kisovieti vya Venera, vilivyotua Zuhura. Kimojawapo, Venera 13, kilitua tarehe 1 Machi 1982 katika joto la nyuzi 457, kikafanya kazi dakika 127 kabla ya kunyamaza.

Tumejiwekea kanuni kwamba hatuonyeshi picha yoyote bila kutaja chombo kilichoipiga, mwaka, na aina ya rangi. Kijana akishazoea kuuliza "Nani alipiga, lini, na rangi hii imetoka wapi?", atauliza hivyohivyo akioneshwa picha kwenye simu inayomwambia kwamba dawa fulani inaponya kila ugonjwa.

Zohali na mwezi wake mdogo

Picha inayoombwa irudiwe kila mahali ni ya Zohali. Mwaka 1610 Galileo aliitazama kwa darubini yake ndogo, akaona kama ina vitu viwili pembeni, mfano wa masikio. Alikufa bila kujua ni nini. Mwaka 1659 Christiaan Huygens, Mholanzi, alieleza kwamba ni pete. Leo tunajua kwamba pete hizo ni vipande vingi mno vya barafu, vingine kama chembe za mchanga na vingine vikubwa kama nyumba. Pete kuu zina upana wa kama kilomita 280,000 kutoka ukingo hadi ukingo, lakini unene wake sehemu nyingi ni kama mita 10 tu, karibu urefu wa jengo la ghorofa tatu.

Chombo cha Cassini kilichotuletea picha hizo kilirushwa Oktoba 1997, kikafika mwaka 2004 baada ya safari ya karibu miaka saba. Ilikuwa kazi ya pamoja ya Wamarekani, Wazungu wa nchi nyingi, na Waitaliano. Tarehe 14 Januari 2005 chombo kidogo kilichobebwa nacho, kilichopewa jina la Huygens, kilishuka kwa parachuti juu ya Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali. Tunapoonyesha picha ya mahali kilipotua, watu husema, "Hapo ni mtoni wakati wa kiangazi." Ni kweli panafanana. Kuna mawe ya mviringo yamelala kwenye uwanja tambarare. Lakini yale mawe ni barafu ngumu ya maji, baridi yake ni kama nyuzi 180 chini ya sifuri, na kinachonyesha huko na kuchimba mito ni methani.

Mwaka huohuo wa 2005 Cassini iligundua jambo kubwa zaidi katika mwezi mdogo uitwao Enceladus, wenye upana wa kilomita 500 hivi. Kutoka ncha yake ya kusini, mvuke na chembe za barafu zinaruka kwenda angani kama maji ya bomba lililopasuka. Chini ya ganda lake la barafu iko bahari. Cassini ilipita katikati ya mvuke ule, ikakuta chumvi na kemikali zenye kaboni, na mwaka 2017 wataalamu wakatangaza kwamba imekuta pia haidrojeni. Hakuna aliyesema kwamba kuna uhai. Kilichosemwa ni kwamba mahali hapo panafaa kutafutwa.

Sasa sikilizeni jinsi kazi hiyo ilivyomalizwa. Mafuta ya Cassini yalipokaribia kwisha, kulikuwa na hatari kwamba siku moja chombo hicho kisichoongozwa tena kingeangukia Enceladus, pamoja na vijidudu vyovyote vya Duniani vilivyobaki juu yake. Wenye kazi wakaamua kukielekeza ndani ya Zohali yenyewe kiteketee. Tarehe 15 Septemba 2017 kikaingia mawinguni kikiendelea kutuma namba hadi dakika ya mwisho. Kilikuwa kimepiga picha zaidi ya 450,000. Katika sharika zetu tumewahi kuona miradi ikifungwa milango na mitambo kuachwa majanini. Hawa walifikiria usafi wa kisima ambacho hakuna mtu aliyewahi kunywa maji yake.

Msichana wa miaka 11

Watoto wa shule hupenda zaidi habari za Pluto, kwa sababu watu wawili wa kawaida wamo ndani yake. Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh, kijana wa shambani kutoka Kansas ambaye wakati huo hakuwa na digrii. Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha mbili za anga lilelile zilizopigwa siku tofauti, akitafuta nukta moja iliyosogea kati ya maelfu ya nukta. Jina la Pluto lilipendekezwa na Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford, Uingereza.

Kwa miaka mingi picha bora ya Pluto ilikuwa kama doa lenye ukungu. Tarehe 19 Januari 2006 chombo cha New Horizons kikarushwa, kikiwa kimebeba sehemu ya majivu ya Tombaugh, aliyefariki mwaka 1997. Agosti mwaka huohuo wanaastronomia walikubaliana kwamba Pluto ihesabiwe kuwa sayari kibete. Chombo hakikugeuka kwa sababu hiyo. Tarehe 14 Julai 2015 kilipita kilomita 12,500 kutoka Pluto, na tukaona uwanda mkubwa mweupe wenye umbo la moyo, sehemu yake ikiwa ni barafu ya naitrojeni, na milima ya barafu ya maji kandokando.

Mkutano huo ulikwisha kwa saa chache. Lakini redio ya chombo ilikuwa mbali, kama kilomita bilioni 4.8, na ishara ilichukua saa nne na nusu kufika. Namba zote zilimaliza kupokelewa Oktoba 2016, miezi 15 baadaye.

Dunia ikionekana kutoka mbali

Mwisho wa onyesho huwa tunaigeuza kamera itazame huku. Picha ya kwanza ni ya tarehe 24 Desemba 1968. Frank Borman, James Lovell na William Anders walikuwa wakiuzunguka Mwezi katika Apollo 8. Kazi yao ilikuwa kuchunguza uso wa Mwezi. Dunia ilipochomoza nyuma ya upeo, Anders aliomba haraka filamu ya rangi, akapiga. Jioni hiyo, mkesha wa Krismasi, walisoma kwa zamu aya za mwanzo za kitabu cha Mwanzo, na watu wengi duniani waliwasikia kwa redio na televisheni. Washarika huguswa na jambo hilo, nasi hatuna haja ya kuongeza neno.

Picha ya pili ni ya tarehe 14 Februari 1990. Voyager 1 ilikuwa umbali wa kilomita bilioni 6, ikiwa imemaliza kazi yake ya sayari. Mwanaastronomia Carl Sagan alikuwa ameomba kwa miaka kadhaa kwamba kamera igeuzwe nyuma kabla ya kuzimwa. Katika picha ile Dunia ni ndogo kuliko nukta moja, imekaa ndani ya mstari wa mwanga wa jua. Redio iliyotuma picha hiyo ina nguvu ya wati 23 hivi, chini ya globu ya wati 40 tuliyoizoea majumbani. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu.

Ya tatu ni ya tarehe 19 Julai 2013, Cassini ikiwa kwenye kivuli cha Zohali. Dunia inaonekana chini ya pete, nukta ya buluu kutoka umbali wa kilomita bilioni 1.4. Huku kwetu ilikuwa imepita saa sita usiku na wengi tulikuwa tumelala. Tunapowaambia watoto kwamba wazazi wao wako mle, hucheka kwanza, halafu hukaa kimya.

Jibu kwa mzee wetu

Sasa turudi kwenye pampu. Tuseme wazi kwamba picha ya Zohali haitengenezi mpini uliokatika. Mtu akija kwenu na projekta akawaambia vinginevyo, msimwamini. Mpini ule ulitengenezwa kwa fedha za mfuko wa maji, na hakuna shilingi ya mfuko wa maji inayoingia katika jioni hizi. Picha zenyewe ni za bure, kwa kuwa picha za NASA kwa kawaida hazilipiwi. Gharama yetu ni petroli ya jenereta, na tunakwenda pale tu ambapo gari lingelala hata hivyo.

Tungeweza kuwatajia faida, nazo zipo. Kamera iliyomo katika simu zenu inatokana na kazi ya Eric Fossum na wenzake wa JPL, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wakitafuta kamera ndogo za vyombo vya angani zisizokula umeme mwingi. James Hansen alianza kwa kuchunguza mawingu ya Zuhura, ambayo hewa yake ni asilimia 96 ya gesi ya ukaa, kisha akageukia hewa ya Dunia, na mwaka 1988 akaliambia Bunge la Marekani kwamba ongezeko la joto duniani limekwisha anza. Setilaiti zinazotazama Dunia ndizo zinazotuonyesha mawingu ya mvua yanavyokuja, na barafu ya Kilimanjaro inavyopungua.

Lakini hatutaki mpige kura kwa sababu ya faida hizo tu. Mzee aliyetuuliza kuhusu pampu alikaa hadi mwisho. Alipoondoka alisema, "Mngenionyesha haya nikiwa darasa la nne." Hakufuta swali lake, na sisi hatukulifuta. Tuliondoka na mambo mawili: pampu ile itengenezwe haraka, na watoto wa darasa la nne wasingoje hadi wawe wazee. Tukiwapa watoto wa vijijini maji na dawa tu, na kuacha maajabu yawe ya watoto wa mjini, tutakuwa tumekubali kwamba kuna watoto wa kuhudumiwa na kuna watoto wa kufikiri. Kamati hii haijawahi kukubali hivyo katika jambo lingine lolote.

Wala haya si mambo ya watu wa mbali tu. Huko Mbozi, mkoani Songwe, kimelala kimondo cha chuma na nikeli chenye urefu wa kama mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 10. Wataalamu wanaeleza kwamba vimondo vya chuma kwa kawaida ni vipande vya viini vya miili midogo ya angani iliyovunjika zamani. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, kilipewa jina la Uhuru.

Mapendekezo

Hivyo basi, tunawasilisha mapendekezo manne kwa kamati:

1. Jioni za Picha ziendelee pale tu ambapo gari la miradi linalala kwa kazi nyingine, na fedha zake ziandikwe katika kifungu chake peke yake ili kila mhisani aweze kukiona.

2. Usharika wenye tatizo la maji au dawa usikilizwe kwanza. Tatizo liandikwe, na jina la anayelishughulikia litajwe mbele ya watu, kabla shuka halijatundikwa.

3. Kila jioni ianzie nje, kwa macho matupu. Watu waonyeshwe Zuhura, Mshtarii au Zohali kama ziko juu wakati huo. Mwenye darubini ndogo ya mkononi ataona miezi minne ya Mshtarii, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

4. Shule ya mahali iachiwe picha zilizochapwa, pamoja na maelezo ya Kiswahili yenye jina la chombo, mwaka na aina ya rangi, ili mwalimu aendelee bila kutungoja sisi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, chombo cha Opportunity kilitua Mirihi Januari 2004 kwa mradi wa siku 90. Kilitembea zaidi ya kilomita 45 na kutuma habari zake za mwisho Juni 2018. Sisi hatuombi miaka 14. Tunaomba mwaka mmoja, kisha mtuite tena hapa mtuulize kilichofanyika.